Stoo Ambayo Haikupimwa

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu baada ya kimya kirefu. Nataraji wewe, wifi na watoto hamjambo. Huku miili ni mizima kwa rehema za Mungu. Moyo ndio mgonjwa.

Kaka, tangu tumzike baba hutaki kumsikia mdogo wetu, Profesa. Ulisema mbele ya watu kwamba hesabu zake ndizo zilizomuua mzee, naye akainamisha kichwa tu. Kazi ameacha, na chakula hakimpiti kooni.

Unaijua karakana ya rangi ninakofagia, alikokuwa baba mlinzi wa usiku. Profesa ndiye aliyepewa kupanga feni za kutoa mvuke wa rangi. Siku moja alinionyesha kwenye kompyuta yake. Alisema programu haijui chumba mpaka uichoree ujazo wake. Ukishauchora, inaukatakata vijichumba vidogo mno, inapima mvuke wa kila kimoja kulingana na ukubwa wake, kisha inajumlisha vyote. Nikamtania kwamba amesoma miaka yote hiyo aje kukata hewa kama mkate. Alicheka sana, akasema ndivyo, ila mahali usipopachora programu haina habari napo, kwake ni ukuta mtupu.

Vipimo alinituma mimi, kwa kuwa funguo ninazo. Nilipima kila pembe kwa tepu. Nilipofungua stoo ya nyuma nilimkuta baba amejilaza juu ya maboksi, alivyozoea mchana. Nilimwonea huruma kumwamsha, nikafunga mlango bila kupima. Nikamwambia Profesa stoo imejaa makopo hadi darini, haina nafasi ya hewa, aiache.

Akaiacha. Jumla ikatoka nzuri, feni zikafungwa, ukumbi ukawa safi. Mvuke ukasukumwa nyuma, ambako programu iliona ukuta mtupu, ukajikusanya stoo, na humo ndimo tulimomkuta baba.

Ni mimi, kaka. Profesa anajua tangu siku ya msiba, na hajanitaja kwa mtu. Nilipomwambia nataka kusema ukweli, alinijibu kwamba tumeshampoteza baba, tusimpoteze na dada. Nami nikakubali. Kila alfajiri napiga magoti kuomba toba, na mzigo nimemtwisha yeye. Toba gani hiyo?

Usihangaike kunijibu. Mpigie yeye kwanza, hata kama hutakuwa na la kusema.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Mungu awatunze.

Ndimi dada yako, kama bado utaniita hivyo.