Kisanduku Chako Kimewaka Tena, Baba Nasra

Mume wangu, Baba Nasra,

Nakuandikia kwa sababu jambo lililonipata mwezi huu ni wewe tu ungelielewa, na ndani ya nyumba hii hakuna wa kumsimulia. Nasra yuko Mwanza na wagonjwa wake. Akipiga simu huniuliza nimekula nini, namjibu, tunaagana.

Ni habari ya kile kisanduku chako cha kuhifadhia harusi. Siku ulipokileta nilidhani ni redio. Ukacheka, ukaniambia, "Mama Nasra, humu zitakaa harusi zote nilizopiga tangu nishike kamera. Tutazitazama kwenye televisheni tukiwa tumekaa zetu." Ukalala chini ya meza kuunganisha nyaya, mimi nakumulikia tochi, nawe unaniamuru, "Nisomee kimeandika nini. Usinieleze, nisomee!" Ndivyo tulivyofanya miaka yote kila kilipoleta ukaidi.

Ulipotutoka nilikizima. Eda yote kilikaa kimefunikwa khanga. Nilipokuja kukiwasha, kikaniuliza kama nataka kuiboresha ile programu ya kuonyeshea video. Nikakubali. Katikati ya kazi umeme ukakatika, na uliporudi programu haikuwepo. Video zilikuwepo, lakini zimebaki namba tupu, maelfu, bila yale majina ya familia uliyoyaandika moja moja. Nikajaribu kusakinisha upya, ikafika nusu ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa palepale. Nikarudisha khanga juu yake, wala sikumwambia mtu. Niliona haya, kama mtu aliyeharibu amana.

Basi Jumatatu moja akabisha hodi Mwanaidi, yule bibi harusi wa Mlingotini aliyekataa kuvaa viatu.

"Shikamoo, Mama Nasra."

"Marahaba mwanangu. Karibu, pita."

Hakukaa sawasawa kitini. "Mama hatunaye tena," akasema. "Picha zake ninazo. Lakini nataka kumwona akitembea. Baba Nasra alimpiga video siku ya harusi yangu, nakumbuka."

Ningemwambiaje kwamba nimebonyeza nisipopajua? Nikamwambia arudi Ijumaa.

Nilikipeleka kwa fundi wa kompyuta hapa mjini. Hata hakukifungua. "Mama, hiki kimezeeka. Hata waliokitengeneza wameshaachana nacho. Nunua kingine." Nikakikumbatia kifuani, nikarudi nacho nyumbani kwa miguu.

Asubuhi ya pili yake nikaketi chini ya meza, mahali pako. Hakukuwa na wa kunisomea, nikajisomea mwenyewe, kwa sauti, kwa Kiingereza changu kile cha kuungaunga. Kilisema hakiwezi kulithibitisha faili kwa sababu ya tarehe. Kutazama tarehe, kumbe kilidhani tuko mwaka ambao Nasra hajazaliwa! Nikairekebisha. Nikazima, nikawasha, ikarudi kulekule. Hapo nikajua betri inayotunza saa yake imekufa. Fundi saa wa sokoni akaniuzia nyingine, bapa kama sarafu, nami nikafungua zile skrubu nne kwa ncha ya kisu cha mezani. Saa ikakaa.

Programu ikakataa tena. Nusura nilie. Lakini maneno yalikuwa mengine: safari hii ilisema toleo jipya haliendani na mashine ya zamani. Nikatafuta ukurasa wa watengenezaji wanakoweka matoleo ya zamani, nikalinganisha na namba iliyobandikwa chini ya kisanduku. Nikafuta mabaki yote ya usakinishaji ulioshindikana, kisha nikaliweka lile toleo la zamani kwa mkono wangu. Mstari ukawa unajaa taratibu. Ulipokaribia nusu nikafumba macho, nikasoma Bismillahi.

Nilipofumbua, majina yote yalikuwa yamerudi, na makosa yako ya tahajia yote.

"Baba Nasra, imekubali!" nikapiga kelele.

Nilibaki nimekaa pale sakafuni mpaka adhana ya adhuhuri.

Ijumaa Mwanaidi alikuja. Tukamwona mama yake anavuka ua na sinia la pilau, khanga imemteleza begani, anakukemea, "Wewe mpiga picha, nipishe njia, wageni wana njaa!" Na sauti yako ikasikika nyuma ya kamera, "Pita, mama, pita tu. Umependeza." Mwanaidi alicheka na machozi yanamtoka. Akaniomba nirudishe, nikarudisha. Tukamtazama mama yule akivuka ua mara tano. Nikamnakilia kwenye flashi, akaifunga kwenye pembe ya ushungi wake kama kito.

Habari imeenea. Sasa kila alasiri wanakuja watu, huyu anamtafuta babu yake, yule anamtafuta dada. Nawapikia chai, nawatafutia. Wakiondoka, naendelea kutafuta peke yangu. Nimeshapitia harusi nyingi nikikutafuta wewe. Huonekani humo, mume wangu. Upo nyuma ya kamera siku zote. Nimekusikia ukikohoa, ukiomba maji, ukimwambia bwana harusi anyanyue kidevu. Mara moja kivuli chako kilianguka kwenye ukuta mweupe, nikasimamisha video, nikakitazama hadi macho yakaniuma.

Siku ile ya harusi ya Nasra nilikuomba unipe kamera nikupige na mwanao. Ukasema, "Utatikisa mkono, Mama Nasra. Baadaye." Nami nikakubali, nikaenda kugawa halua.

Kila anayekuja anaondoka na wake. Mimi nabaki na sauti yako, ukiwaambia wengine watabasamu.

Mola akulaze pema.

Mkeo,
Mama Nasra
Bagamoyo