Jiko Limetoka Nje

Mama Sumeya,

Maharagwe nimechemsha, bado kuunga tu. Maji nimejaza mtungi, usibebe leo.

Asubuhi nilipiga kelele mpaka Sumeya akaamka analia. Hasira haikuwa juu yako. Uliponionyesha ile chupa ya vitamini E ukasema, "Baba Sumeya, Mama Ngendo wa jirani anasema moshi unafanya mwili ushike kutu ndani, na hizi zinazuia," nilikumbuka kile kiwanda cha nyuzi walikonifukuza. Tuliomba madirisha, wakatupatia maziwa, glasi moja kila mtu, eti yanaosha vumbi kifuani. Tukanywa, na tukaendelea kukohoa. Hiyo sijasahau na sitasahau.

~~Vidonge nimevitupa.~~ Vidonge viko juu ya kabati. Ukitaka, meza, pengine vina kazi yake. Vikikurudisha kuwa msichana, nibakishie kimoja. Lakini kifua chako kikilia hivyo, siwezi kungoja vidonge na moshi wenyewe tunalala nao chumba kimoja.

Kwa hivyo jiko la makaa nimelitoa, liko kwa veranda. Nimelifungia bati juu, usilirudishe ndani hata kukinyesha. Najua mwenye ploti alikataza kupikia hapo. Akianza maneno usijibizane naye, utakohoa bure. Mwambie angoje nirudi kutoka Ruiru jioni, nina mengi ya kumwambia.

Wewe pika polepole, kaa hapo nje, upumue.

Baba Sumeya