Rangi Ndani ya Tundu

Shangazi Chadia,

Huku Nyamianda sote wazima, ila vumbi tu. Asante kwa kunieleza kwenye simu kwamba rangi ya lulu hukaguliwa kwenye tundu lake la uzi. Hapa duka la vito nilikuwa nimeshaandika "lulu nyeusi, rangi ya asili" kwenye karatasi ya mahari ya bibi harusi Raïssa, itakayosomwa mbele ya shehe. Nilipochungulia kwa kioo cha kukuza, rangi ilikuwa imeganda mdomoni mwa tundu, na ndani kweupe: kumbe zimetiwa rangi. Niliogopa kufukuzwa dukani, lakini niliwaambia Raïssa na bosi wangu, Mzee Nasoro.

Raïssa akacheka. "Hata minye, mimi mwenyewe, Ijumaa watanipaka hina. Andika ukweli tu, nitazivaa."

Mzee Nasoro akaichana karatasi, akanipa nyingine pamoja na kalamu yake mwenyewe. Bila wewe, uongo wangu ungesomwa kwenye ndoa ya watu.

Mtoto wa kaka yako,
Feza