Kijana wa Sinema Hana Baba

Kebirigo, Nyamira

Baba mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye baridi ya majani chai. Mimi ni mzima, nimenenepa hata ukinikuta njiani utanipita. Goti lako limetulia, ama bado linamsumbua Mama kuliko linavyokusumbua wewe?

Kazi yangu ya kutafsiri sinema kwenye ukumbi wa video inaenda. Kutoka hapa hadi Ekerenyo hakuna mdomo kama wangu, na niliachia shule kidato cha pili. Picha wanayoipenda zaidi ni moja ya zamani, isiyo na rangi: binti wa Kizungu analeta nyumbani mchumba Mwafrika, injinia mwenye suti kali. Siku zote baba wa binti nilimpa sauti ya mbuzi, injinia nikamfanya simba. Watu walicheka hadi mabenchi yakalia.

Jumapili baada ya kanisa akaingia baba yake Kemunto, yule msichana niliyekuambia nataka kumwoa, ukasema Mkisii hataingia boma lako. Alikaa mbele kabisa, kofia magotini. Sauti ya mbuzi nikaiacha.

Picha ilipoisha akaniita.

"Kijana, huyu jamaa wako amesoma sana."

"Sana, mzee."

"Na amekuja kuomba msichana peke yake, kama mtu anauza miwani. Baba yake ako wapi?"

"Hayuko kwa picha, mzee."

"Basi huyo Mzungu si mjinga. Kwangu hata chai hangepewa." Akavaa kofia. "Na wako ako wapi?"

Baba, mimi huyu nikageuka kuzima mashine.

Tangu hapo nikiitazama ile picha simwoni simba. Naona mtu amebeba vyeti kwa sababu hana wa kumsemea. Na binti naye, picha nzima anashika mkono tu, hakuna anayemwuliza kitu. Kemunto ameulizwa na shangazi zake wote, hata mchungaji, na bado anasema ni mimi.

Juzi, pale injinia anapobisha mlango, nilimwongezea baba. Haonekani, lakini nilimpa sauti yako nzito, na kikohozi chako: "Wenye nyumba, huyu nimemzaa mimi. Nimekuja tuongee." Baba yake Kemunto alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi. Akasema, "Sauti ni nzuri. Nitamngoja mwenyewe aje."

Najua ng'ombe wa babu waliibwa na Wakisii wakaletwa huku, na hawakurudi. Sikuombi usahau. Njoo uwaseme hao ng'ombe mbele yake, mgombane mkitaka, ila uwe umeketi upande wangu.

Msalimie Mama, na dada yangu mkubwa na watoto wake. Nyanya, anayesema Wakisii hawajui samaki, mwambie Kemunto anajifunza, na ameunguza sufuria moja tu.

Baba, nimesema kwa niaba yako mara moja. Mara ya pili itakuwa uongo.

Mwanao mwenye mdomo,
Okoth