Bega Lililopima Ngumi

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuandika neno jingine kabla ya hilo.

Jumapili iliyopita nilifanya jambo ambalo, ungekuwa hai, ungeacha chakula mezani ukaja kulitazama. Nilipima kwa bega langu hili hili nani ana ngumi nzito: bondia, au hawa wapya wa kizimba cha waya.

Hawa wapya hukuwakuta. Siku hizi Mwembesongo yetu imejaa mabanda ya video, na kanda zinaingia kama mitumba, kila wiki mzigo mpya. Humo unaona watu wawili wamefungiwa kwenye kizimba, wanapigana ngumi na mateke, wanabebana, wanakabana mpaka chini. Glavu zao ni ndogo, vidole viko nje. Naona unavyokunja uso. Hata mimi nilikunja, kisha kesho yake nikarudi kutazama tena.

Aliyeleta ubishi uani kwetu ni Gaspari, Mluguru wa Mgeta anayeshusha kabichi na karoti sokoni. Alikaa Dar miaka miwili akajifunza mchezo huo. Aliposema watu wa kizimba wanapiga kwa nguvu kuliko mabondia, Salumu, bondia wako, nusura amwage chai. Salumu ni yule yule, domo halijapungua, ila tangu kiwanda kiuzwe anauza mashati ya mitumba. Walibishana wiki tatu, Baba. Ilifika mahali Mama akawapiga marufuku kutaja neno ngumi wakati wa kula. Mwisho Salumu akasema, "Basi tumuulize Zainabu."

Nilicheka, kisha nikaacha. Tangu ulipoondoka hakuna aliyeniuliza tena.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuwa darasa la tano. Gunia la katani, umelijaza pumba za mpunga kutoka Turiani na mchanga kidogo chini, linaning'inia katika ukumbi wa kiwanda. Mabondia wako wakitoka zamu wanakuja kupiga, na mimi nimesimama nyuma, nimeliegemeza bega ili lisiyumbe. Kufika darasa la saba nilikuwa nawajua wote macho yakiwa yamefumbwa. Ulikuwa unanifunga taulo usoni wageni wakija, na mimi nasema, huyu Salumu, huyu mgeni, huyu leo hajala. Mama alilalamika nani atamposa msichana mwenye bega la kuli. Wewe ukamjibu, "Bega hili halidanganyi." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Basi, Jumapili. Gunia ni lile ulilolibeba mgongoni siku mwenye kiwanda mpya alipofunga ukumbi, na bado linaning'inia kwenye mfenesi wetu. Nilijifunga kanga machoni. Nikawaambia wapige kumi kumi bila kuniambia nani anaanza.

Sikuhitaji kumi. Ya Salumu iliingia mpaka kwenye nyonga yangu, nikasogea hatua moja. Ya Gaspari ilikuwa ya haraka, kavu, inauma juu ya bega lakini haiendi mbali. Nikadhani labda ni glavu, nikawabadilishia. Sauti ikabadilika, ile ndogo inalia pa, ile kubwa inalia du, lakini uzito ulibaki wa mwenyewe. Nikasema aliyetangulia ndiye mzito. Walivyoshangilia, utadhani tumeshinda kombe.

Lakini wewe ulinifundisha kuuliza kwa nini, nami nikamuuliza Gaspari mwili wake mkubwa ule unakwenda wapi. Akasema, "Dada, mie nikimwaga mwili wote, yule ananizoa miguu. Lazima nibakize." Nilikaa kitako kulifikiria hilo. Ulikuwa unatuambia kila siku ngumi inaanzia unyayoni. Hukutuambia kwamba bondia anaweza kuutumia unyayo wote kwa sababu sheria inamlindia miguu. Sasa nauliza, je, Salumu ana nguvu zaidi, au ameruhusiwa tu kuzitumia? Ningetoa chochote nikusikie ukilibishia hilo mpaka chai ipoe.

Gaspari akaomba jaribio la pili. Kwenye kizimba, alisema, hakuna anayekuacha usimame unavyotaka, basi kila mmoja apige huku mwenzake amemkumbatia kiuno. Nikafunga kanga tena. Mmoja akapiga, mwenzake amemkumbatia kiuno, na ngumi ilikuwa karibu ile ile ya mwanzo. Hiyo ilikuwa ya Gaspari, nayo ilinishangaza sana.

Kisha wakabadilishana, na Salumu akapiga.

Ngumi ya mkono peke yake, Baba. Ilifika ikasimama kwenye gunia, haina mwili nyuma yake. Nikaitambua papo hapo, na haikuwa ya Salumu. Ilikuwa yako. Ilikuwa ile ya miezi yako ya mwisho.

Wote walikuwa wanasubiri jibu. Kanga ilikuwa imeloa. Walidhani nimeumia.

Acha nikwambie sasa, maana ndilo lililonikalisha kuandika. Ulipopunguzwa kazi ulianza kukohoa, na Mama akakusihi uende hospitali. Ukamwambia, "Siku bega la Zainabu likisema ngumi yangu imepungua, nitakwenda." Kila jioni ukapiga gunia, ukaniuliza, "Ya leo ikoje, mama?" Nami nikasema, "Nzito, Baba." Ulikuwa umepoteza kazi, ukumbi na heshima ya kuitwa mwalimu. Sikuwa na ujasiri wa kukunyang'anya na hicho kimoja. Ulikuwa unatabasamu, unafuta jasho, unakwenda kunawa. Ulipokwenda hospitali ulikuwa umebebwa, na daktari akauliza kwa nini tulichelewa.

Tangu siku hiyo nimejitetea. Nilijiambia pengine sikuhisi vizuri, gunia lilikuwa limelowa mvua, nilikuwa mchovu. Jumapili utetezi wangu wote ulikwisha. Bega lililoweza kuitambua ngumi yako katika mkono wa mtu mwingine, baada ya mwaka na nusu, lilikuwa linajua tangu siku ya kwanza. Lililodanganya ni domo langu.

Nilipotulia nilivua kanga nikamtazama Salumu. Anakupenda kuliko wanao wa kiume walivyokupenda, na alitaka nimpendelee, nilimwona usoni. Nikamwambia, "Nyepesi, kaka." Neno hilo sikuwahi kulitamka chini ya mfenesi ule. Alinuna, akavaa shati akaondoka. Jumatatu asubuhi alirudi na Gaspari, anataka kufundishwa namna ya kusimama mtu akiwa amekushika kiuno. Mama amewapikia wote wawili. Wanabishana upya, sasa ni kuhusu mateke.

Mimi bado nina maswali mengi. Nataka kujua ngumi ya aliyelala chini ikoje, na ya aliyechoka raundi ya kumi, na kama mtu wa kizimba akilindiwa miguu atakuwa na uzito gani. Gunia nitalishona, pumba nitabadilisha mavuno yakitoka. Na yeyote atakayeniuliza ngumi yake ikoje nitamwambia ilivyo, hata akinuna, hata akilia. Hiyo ni ahadi yangu kwako.

Pumzika, Baba. Nimechelewa kukujibu, lakini jibu lako ni hili.

Nyepesi, Baba. Vaa shati, twende hospitali.

Mwanao,
Zainabu