Manukato ya Kaka

3 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. U mzima? Unakula vizuri, au bado unasema chai ni chakula? Sisi huku wazima, ila mgongo wa Baba unalalamika kila akishusha magunia ya unga pale bekari.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Kila Jumapili mchana, Baba akisinzia, naingia chumbani kwako, nafungua kabati, naingiza kichwa katikati ya mashati uliyoyaacha, nanusa. Basi, sifanyi kingine. Mwanzoni ilikuwa kama umetoka tu kwenda dukani. Lakini Jumapili iliyopita nimenusa mbao. Nimepitia shati moja moja, hata kola. Mbao na vumbi. Nikakaa sakafuni nikalia.

Harufu ya Mama siikumbuki, nilikuwa mdogo mno alipofariki. Yako sitaki niisahau.

Yale manukato yaliitwaje? Yana nini ndani? Bado namsikia Baba siku ile: "Nashinda ndani ya sukari mchana kutwa, halafu nirudi nyumbani nikute mwanaume ananukia keki? Huyo si mwanangu. Toka!" Nawe ukasema, "Basi nitanukia kwa wengine," ukachukua begi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na kitabu mkononi, nikashindwa kusema hata neno moja.

Jibu kupitia shule kama kawaida. Simu ya nyumbani ni ile moja na inalala mfukoni mwa Baba.

Mdogo wako,
Kobe

20 Februari

Kobe wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na chai ni chakula, usibishe. Wewe hujambo? Miwani bado unaifunga kwa uzi?

Nimeisoma barua yako stoo, nyuma ya maboksi, ili wenzangu wasinione. Ndani ya bahasha kuna kichupa cha kuonjeshea wateja. Ni yale yale. Hapa kaunta nimejifunza kuyaeleza: sukari iliyoanza kuungua, vanila, pilipili manga, na chini kabisa udi. Kwenye boksi hakuna "ya kiume" wala "ya kike". Juzi nimemuuzia bibi mwenye fimbo, na saa hiyo hiyo konda wa basi. Wote wawili walikuwa wanacheka kwa meno yote. Ndio watu wake hao: mtu anayeingia mlangoni ukajua kaingia, asiyejipunguza ili wengine wapate nafasi. Wewe unayeomba radhi hata ukikanyagwa, sijui kama yatakukubali! Jaribu.

Ila tuna sheria hapa. Mteja akinusa tu, hatumuuzii. Tunampaka mkononi, tunamwambia nenda katembee, kanywe chai, urudi. Manukato haya yanaanza kwa kupiga kelele. Ukiyavumilia, yanakaa chini yanaongea na wewe. Baba alinusa kelele tu.

Kuhusu kurudi, nilifukuzwa kwa mdomo, nitarudi kwa mdomo. Aseme mwenyewe "njoo". Neno moja, sidai hotuba. Usiku nikifunga duka nanusa mkate ambao haupo. Lakini sirudi kama mwizi.

Kaka yako

11 Machi

Kaka,

Shikamoo tena. Kifua hakijakubana na baridi ya huko? Sisi wazima.

Nilijipaka asubuhi, tone moja kila mkono. Ninayekaa naye dawati moja, yule tunayemwita Redio, akageuka huku na huku: "Nani kaingia? Nani huyo?" Halafu, "He! Ni wewe?" Darasa zima likacheka. Nilitaka kuingia ndani ya begi langu. Lakini mwalimu alipouliza nani atasoma insha yake mbele, nilijikuta nimesimama. Nikasoma mpaka mwisho. Sauti haikutetemeka.

Sasa sikiliza. Jioni nilikwenda bekari kufunga mikate, nikiwa nimesahau kabisa mikono yangu. Baba alikuwa anakanda, akasimama. "Nani kaunguza sukari?" Akafungua tanuri, akachungulia, hakuna kitu. Akafunua sufuria. Hakuna kitu. Halafu akatulia, Kaka, akavuta pumzi kwa macho yaliyofumbwa. Akatoka mpaka mlangoni, mikono imejaa unga, akatazama barabara upande huu, akatazama upande ule. Watu wakampita. Akasimama pale mpaka nikaogopa.

"Kaka yako kapita hapa?" akaniuliza.

Nikasema hapana. Ndiyo kweli, lakini sikusema iliyobaki.

Akarudi kwenye unga wake. Aproni yako bado ipo msumarini, na mtu haruhusiwi kuivaa. Yule kijana mpya wa kupeleka mikate aliigusa tu akafokewa.

Njoo, tafadhali.

Kobe

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Hujambo? Au nimekuudhi? Kila siku karani wa shule ananiona dirishani, anatikisa kichwa kabla sijauliza. Kama unaumwa, sema. Kama umehama, sema.

Kobe

25 Aprili

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kimya. Siumwi, sijahama. Nilikaa na barua yako mfukoni, kila nikitaka kuijibu naishia pale mlangoni na Baba. Kweli alitoka? Mikono na unga wake? Hukutia chumvi, wewe msoma vitabu?

Nilikwenda stendi hadi dirisha la tiketi. Nikarudi. Kutazama barabara si kuita, Kobe. Nikija akanitazama kama siku ile, sitakuwa na pa kurudi tena hata katika mawazo. Sasa angalau kwenye mawazo nina nyumba.

Kaka yako

9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumaini umeketi unaposoma hii. Sisi wazima, na leo sitanii.

Jana jioni nilimkuta Baba peke yake, ameshafunika madonge ya unga kwa kitambaa, anasubiri hamira ifanye kazi. Nikamwambia, "Baba, siku ile ulininusa mimi. Kaka alinitumia." Nikatoa kichupa. Akakunja uso: "Ile keki tena?" Nilitaka kuomba radhi. Nikajizuia. Nikasema, "Unga unausubiri uumuke. Haya uliyahukumu kabla hayajaumuka."

Akanitazama kama aliyesikia tanuri likiongea. "Kobe, umeanza lini kuwa na mdomo?" Lakini akanawa, akanyoosha mkono. Tone la mwisho nikampaka kifundoni. Akanusa, akapiga chafya, akasema sumu. Nikamwambia asubiri kama anavyosubiri unga. Akakaa juu ya gunia, mkono ameuinua kama mgonjwa wa sindano.

Unga ulipojaa akainua kitambaa, halafu akainua mkono puani. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Ananukia hivi mpaka leo?"

"Ndiyo, Baba."

"Mwandikie tanuri la pili limekaa baridi."

"Hicho sicho alichoomba."

"Mwandikie aproni yake ipo."

"Baba, anataka neno moja."

Nikamwambia namba ya dukani kwenu ipo kwenye karatasi ya kichupa, apige. Akakataa. "Kwenye simu nitalia, na wewe utanicheka. Andika." Akanigeuzia mgongo, akaanza kukata madonge, na akayaambia madonge, si mimi: "Njoo, mwanangu."

Kayasema kwa mdomo wake. Mimi ni shahidi.

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema. Nikamwomba ashike karatasi kidogo, ndiyo maana pembeni kuna unga. Kichupa kitupu nimekiweka kabatini kwako bila kifuniko, nikafunga mlango wa kabati. Sasa napita posta kabla ya kengele ya shule, ninunue stempu, niitie barua hii kwenye sanduku, halafu niende darasani nikakae dawati la mbele.

Mdogo wako,
Kobe