Walivyokuua Kwenye Karatasi

Temeke, Jumanne

Kwa Dada Zuhura,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na safari hii sisemi kwa mazoea, naomba kwa dhati uwe mzima. Watoto hawajambo? Mguu wa Baba umepata nafuu? Mie mwili hauna neno, moyo ndio umechafuka. Watu wa meli ya Lindi wakifika huko na habari ya msiba wako mwenyewe, usishtuke.

Nilikwambia tuna kikundi cha kusoma vitabu, sisi makarani na walimu wachache, kila Jumapili. Majuzi tulimwalika bwana mmoja kutoka mjini atufundishe kutunga. Akatuambia tufumbe macho, kila mtu akumbuke mikono ya mtu anayempenda, kisha aandike bila kunyanyua kalamu. Nikaiandika mikono yako, jinsi ulivyotwanga mihogo ya watu ili mimi nivae kaptura ya shule. Machozi yalinilengalenga na wala sikuona haya.

Bwana yule aliisifu hadithi yangu, kisha akasema haina mwisho. "Huyu dada afe," akasema. "Msomaji atalia."

Nikamwambia dada yangu yu hai. Akacheka, akakiandika kifo chako kwa mkono wake, na Jumapili iliyofuata mwenyekiti akaisoma mbele ya watu, jina langu na lako humo humo. Wakapiga makofi.

Hao wa makofi siwajali. Lakini nilikuwa nimewaalika watu wa kwetu waje kunisikiliza, wakakaa nyuma. Unajua kwetu msiba hauropokwi, huzungushwa kwa maneno mpaka msikilizaji aelewe mwenyewe. Basi wakaelewa. Asubuhi wakajaa uani kwangu na mikeka, unga na kuni, kina mama wamejitanda kanga, wanalia kwa jina lako. Nilipowaambia u hai, Mzee Hamisi anayetuongozea dua hapa akaniuliza, "Sasa machozi yetu yalikuwa ya nini, mwanangu?"

Nikajaribu kumweleza habari za kutunga. Wakakunja mikeka wakaondoka, hakuna aliyeniaga.

Kazini ndiko kulikoniuma zaidi. Bwana mkubwa wa ghala, ambaye kila nikiomba ruhusa nije kukuona hunifukuza mlangoni, alikuwa keshasikia. Akanipa pole, akanipa wiki nzima na nafasi melini. Niliitamani ruhusa ile, Dada, nimekukumbuka mno. Lakini kusafiria kifo chako ni uchuro, nikamwambia kweli. Akaniita mwongo, akaifuta hapo hapo.

Kikundi nimekiacha. Wamekuja kunibembeleza, eti nina kipaji.

Nisalimie Baba, shemeji mumeo na bibi yetu mzaa mama. Wanao uwabusu kwa niaba ya mjomba wao. Mtu akija kukulilia, mpe kiti, umwandalie chakula, aone mwenyewe unavyotembea.

Ni mimi mdogo wako Saidi, ambaye leo ningekuwa njiani kuja kwako kama ungekuwa umekufa kweli.